Nadharauliwa na Milimita Mbili

Kuna wateja nikiwaona tu wanaingia dukani, tumbo linaniuma. Siyo wadai. Wadai nimeshawazoea, wengine tunaulizana hadi hali za watoto. Nasema wale wanaosimama mbele ya mashine ya leza, wanaangalia kichwa chake kinavyokwenda kulia kushoto, kulia kushoto, halafu wanasema: "Kazi yenu tamu, mnabonyeza tu."

Tunabonyeza tu! Haya, njoo ubonyeze. Njoo hata kesho asubuhi, na chai nitakununulia.

Mimi kazi hii sikuomba, nilioa. Ukishaoa unapata shemeji, na shemeji yangu ana duka Kariakoo. Mihuri, vibao vya milangoni, tuzo za mahafali, kadi za harusi za mbao, vishikio vya funguo vyenye jina la mtu. Akaagiza mashine kutoka China. Ilipofika akampigia simu dada yake, yaani mke wangu: "Shem si yupo tu hapo nyumbani?" Nilikuwepo. Ndiyo kosa langu lote, kuwepo. Jumatatu nikaamka fundi wa leza. Mafunzo niliyopewa yalikuwa mafupi: hii swichi, ile feni, usiguse huku nyuma utakufa. Kitabu cha maelekezo kipo, Kichina mbele, na nyuma Kiingereza ambacho hata Mwingereza angetafuta mkalimani.

Sasa kubonyeza siyo tatizo. Hata mwanangu wa chekechea anabonyeza. Shida iko kabla ya kubonyeza. Kabla ya kubonyeza lazima uweke fokasi. Na hiyo fokasi ndiyo inayonikondesha, msione suruali inapwaya mkadhani nafanya mazoezi.

Ngoja nikueleze nilivyoelezwa, na mimi nilielezwa na dogo mmoja wa dukani ambaye ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Ndani ya mashine kuna bomba refu la kioo. Bomba limejaa gesi: hewa ukaa, naitrojeni na heliamu. Unalipiga umeme wa maelfu ya volti, unatoka mwali. Mwali unapiga kioo cha kwanza, unakwenda cha pili, unakwenda cha tatu, halafu unashuka chini kupitia lenzi. Lenzi inaubana mpaka unakuwa nukta, sehemu ndogo tu ya milimita. Utotoni kama uliwahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia, ukawa unakipandisha na kukishusha mpaka mwanga ukajikusanya, basi wewe tayari umesoma zaidi yangu. Mimi kijijini kwetu kioo cha kukuzia alikuwa nacho mwalimu mkuu peke yake, na alikitumia kusoma barua zetu za ruhusa.

Ukishapita ile nukta, mwali unatanuka tena. Yaani una kiuno. Juu mnene, katikati mwembamba, chini mnene. Kiuno kikikaa sawasawa juu ya mbao, herufi inatoka kali, unaweza kusoma hata nukta ya "i". Kiuno kikikaa juu ya hapo au chini ya hapo, umekwisha. Kwa lenzi yetu uvumilivu wenyewe ni kama milimita mbili hivi. Mbili! Mimi maisha yangu yote sijawahi kudaiwa milimita. Fundi aliyetujengea nyumba alikosea mlango wa chumbani kwa upana wa kiganja, na akalipwa, na soda akanywa. Kitanda tukakiingiza kwa dirishani. Hakuna aliyesema neno. Leo niko Kariakoo nasutwa kwa milimita mbili.

Na mwali wenyewe hauonekani. Nakuapia. Eti mawimbi yake yana urefu wa mikromita 10.6, huko jicho la mtu halifiki. Shem anakuja, anasimama nyuma yangu, ananiuliza: "Umeona tatizo liko wapi?" Sijaona. Nani kaona? Kitu chenyewe hakionekani!

Wenye mashine wakatuonea huruma, wakabandika kijitaa chekundu. Kinatoa kadoa kekundu juu ya mbao. Mimi nikakapenda sana kale kadoa. Nikawa nakaweka vizuri, nakaangalia kametulia, naanza kazi kwa moyo mweupe. Dogo akanikuta nimeinama nakachungulia.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naweka fokasi."

Akaita wenzake wa duka la jirani waje waone. Kumbe kale kadoa kanakuonyesha tu mwali utapiga wapi. Hakajui ukali, hakajui umbali, hakahusiki. Ni taa tofauti kabisa, imechomekwa pembeni. Sasa kwa nini waliiwasha? Taa ikiwaka mbele ya mtu mzima, mtu mzima si ataifuata?

Hapo ndipo ilipoingia ile oda ya harusi. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati, sauti yake ilitangulia kabla yeye hajavuka barabara. Anataka kadi za plaiwudi ya milimita 3, majina katikati, maua pembeni, mstari wa mchango chini. Kiasi cha mchango kisomeke vizuri, hilo alilirudia sana. Nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, mashine hii ni ya kompyuta.

Kadi ya kwanza ikatoka. Herufi zimevimba. Zimeshikana. Jina la bibi harusi likasomeka jina la dawa ya minyoo. Kile kiasi cha mchango, sifuri zimejaa kahawia zikawa vidonda. Mama akaikamata ile kadi kwa vidole viwili, akainua juu, akaishusha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Baba, hii ndiyo kompyuta?"

Akili yangu ikaniambia: ongeza nguvu. Herufi haionekani, si ni kwa sababu mashine inachoma kinyonge? Mashine ni ya wati 60, mimi nilikuwa naitumia kwa robo. Nikapandisha. Ikavimba zaidi, na sasa imekuwa nyeusi. Nikapandisha tena. Moto. Yaani moto wenyewe, wenye ndimi, ndani ya mashine, na mama wa kamati amesimama palepale na mkoba wake. Dogo akaja na kitambaa kibichi, akafungua mfuniko, akazima, akafunga, akaondoka bila hata kunitazama. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

"Ni sehemu ya kazi, mama," nikasema.

"Ya kazi gani?" akauliza.

Dogo jioni ndiyo akanipa somo. Eti nguvu siyo kitu, umbali ndiyo bosi. Wati ileile, ukiibana kwenye nukta inachora unywele. Ukiiacha itawanyike inababua tu. Ukiongeza wati wakati umbali haupo, umeongeza kubabua. Nikamwambia mbona hamkuandika ukutani? Akasema ipo kwenye kitabu. Kitabu kile!

Basi nikashika kitabu. Nikatafuta namba, maana Kichina na Kiingereza chao vyote vinaandika namba sawa. Nikaikuta: 50.8. Milimita 50.8, yaani inchi mbili, ndiyo urefu wa fokasi wa lenzi yetu. Nikafurahi. Nikachukua rula ya hesabu ya mwanangu mwingine, nikapima kutoka pale kwenye pua ya mashine, ile nozeli ya shaba, mpaka kwenye mbao. Nikashusha meza, nikashusha, nikashusha. Hamsini nukta nane kamili, au karibu yake, rula ya darasa la tatu haina nukta. Nikabonyeza. Mbao ikapata rangi ya chai ya maziwa. Herufi hakuna.

Nikamwita shem mwenyewe. Nikamwonyesha kitabu, nikamwonyesha rula, nikamwambia nimetumia vipimo vya kiwandani, sasa tumrudie aliyetuuzia. Shem akamwita dogo. Dogo akaniuliza, kwa upole ule unaoudhi: "Mzee, umepima kutoka wapi?"

"Kutoka puani."

"Inapimwa kutoka kwenye lenzi."

"Lenzi iko wapi?"

Iko ndani. Imejificha juu huko, ndani ya bomba la pua. Kutoka puani mpaka kwenye mbao kwetu inabaki nafasi ndogo tu, milimita za kuhesabika. Sasa mtu anayeweka kipimo kinachoanzia mahali pasipofikika na rula, huyo ana nia njema kweli? Shem alinitazama, akatazama rula yenye jina la mwanangu kwa kalamu ya bluu, akarudi kaunta taratibu.

Ndiyo nikaambiwa kwamba mashine ilikuja na geji yake. Kakipande ka akriliki kasikokuwa na maneno wala namba. Unakasimamisha juu ya mbao, unapandisha meza mpaka pua ikaguse, unakatoa, basi, fokasi tayari. Hakuna rula, hakuna kitabu. Tukaanza kukatafuta. Droo zote, chini ya meza, ndani ya boksi la mashine, kwenye mfuko wa misumari. Shem akaanza kumtilia shaka mtoto wa jirani. Dogo akaniambia nisimame apekue kiti changu. Nikasimama. Kiti kikainama upande.

Kalikuwa chini ya mguu wa kiti. Kile kiti mguu mmoja mfupi tangu nikikute, na kale kakipande kalienea pale kabisa, tena bila gundi. Nani aliniambia ni kipimo? Kipimo kina namba. Kisichokuwa na namba ni kigingi. Wakakachukua. Kiti kikabaki kinayumba mpaka leo, na hilo hakuna aliyeliitia kikao.

Na geji yenyewe ikawa imelika kwa sababu ya uzito wangu. Shem hakulisema hivyo, alisema "kwa sababu ya matumizi", lakini macho yake yalikuwa tumboni kwangu. Ikabidi dogo atafute umbali upya. Hapa naomba uvute kiti, wewe chako hakiyumbi.

Akachukua ubao wa MDF mrefu. Akauweka ndani ya mashine umelala mteremko, ncha moja imeinuliwa na kipande cha tofali. Nikamwambia dogo, ubao haujakaa sawa. Akasema najua. Akaiamuru mashine ichore mstari mmoja ulionyooka kutoka chini kwenda juu ya mteremko, nguvu kidogo, kichwa hakipandi wala hakishuki. Mstari ukatoka mnene, ukaenda unakonda, ukawa unywele, ukaanza kunenepa tena. Nikamwambia pole, umeharibika. Akasema ndiyo ninachotaka. Mtu anayetaka kitu kiharibike utamshauri nini? Nikakaa kimya, nikashikilia meza.

Kumbe pale palipokonda ndipo kiuno kilipo. Akapima kutoka puani mpaka pale pembamba. Akapima kwa kalipa, siyo rula ya hesabu. Akakata kakipande kapya ka akriliki kwa urefu ule, akakatoboa tundu, akakafunga kamba nyekundu, akakaning'iniza ukutani juu kabisa. Nikauliza mbona juu hivyo. Akasema ili kakae mbali na viti.

Basi geji tunayo. Ungedhani nimepumzika. Ikaja plaiwudi iliyonunuliwa wakati wa masika. Imepinda. Kushoto jina linasomeka vizuri, kulia limelewa. Kadi moja, watu wawili, bwana harusi anaonekana, bibi harusi ameingia ukungu. Katikati ya ubao na pembeni kuna tofauti ya milimita kadhaa, na uvumilivu nimeshakuambia ni ngapi. Dawa yake ni sumaku: unabana ubao kwenye meza ya chuma ya vitundu mpaka unyooke. Nikabana. Nikazipanga vizuri, kila kona. Kichwa cha mashine kikaja kwa kasi, kikaigonga sumaku ya kona ya kulia, kikahama njia, maua yote yakachorwa juu ya jina la mama mkwe. Hili shem hakulisikia kutoka kwangu. Alilisikia kutoka kwa mama ntilie, ambaye hata leza hajui ni nini, ila mlio aliusikia.

Nikajua sasa sheria ni moja: kiuno kikae juu ya uso wa kitu. Nikaishika. Nikaiandika kwenye kiganja. Ikaja kazi ya kukata akriliki nene, milimita 8, kwa ajili ya tuzo. Nikaweka geji juu, safi. Ikakata juu safi, chini ikaacha. Nikarudia palepale. Ukingo ukatoka umeinama. Dogo akapita: "Mzee, kukata kitu kinene fokasi inaingia ndani, katikati ya unene." Kwa hiyo kuchonga ni juu, kukata ni ndani. Na akaongeza, lenzi nazo hazifanani: fupi ya inchi moja na nusu inatoa nukta ndogo zaidi lakini haina subira, lenzi ndefu ya inchi nne ina subira lakini nukta yake nene. Amueni basi! Mtu mmoja anawekaje sheria halafu anaihamisha usiku?

Halafu usafi. Lenzi inashika moshi. Ikishika moshi inapata joto, ikizidi inapasuka. Nikaambiwa niitoe niifute. Ni kalenzi kadogo ka njano, siyo kioo cha kawaida, inaitwa zinki selenaidi, na bei yake nitakuambia siku ukiwa umekaa. Nikaifuta kwa shati, shati lilikuwa limefuliwa. Wakapiga kelele. Eti inataka karatasi laini maalumu na spiriti. Nikairudisha. Mashine nzima ikawa haichori, inapaka. Geji sawa, ubao sawa, vioo sawa, sumaku mbali. Kutwa nzima. Kumbe lenzi nimeigeuza. Upande uliovimba unakaa juu, upande bapa unatazama kazi. Sasa mbona haijaandikwa "juu"? Boksi la mayai limeandikwa juu ni wapi. Mayai! Lenzi inayokatwa kwenye mshahara wa mtu haijaandikwa.

Nikatafuta aliyeanzisha haya, angalau nimjue kwa jina. Ni Kumar Patel, mzaliwa wa India, aliyeitengeneza leza ya hewa ukaa mwaka 1964 akiwa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1964! Sisi huku Mwalimu anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, watu tunashangilia, kumbe kuna mtu kule anachanganya gesi ya kuja kunitesa mimi.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Shem na dada yake wanaongea kila jioni, kwa hiyo nikifika habari imeshakula na kunawa. Mke wangu ananiwekea sahani mezani, anaisogeza mbele kidogo, anairudisha nyuma kidogo, ananiuliza: "Hapo fokasi iko sawa, baba watoto?" Watoto wanacheka hadi ugali unawapalia.

Lakini siku hizi fokasi yangu ni safi. Nasema kweli, hata dogo amekubali. Juzi akaja mama mmoja anataka kibao cha mlangoni kwa baba yake mzazi. Nikashusha geji kutoka ukutani, nikapanda juu ya kile kiti kinachoyumba kuifikia, nikapima, nikabana, nikabonyeza. Herufi zikatoka kali, nyembamba, nywele tupu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akakitazama. "Jamani, mbona vijistari? Baba yangu macho hayaoni hivi." Akafungua mkoba. "Mimi nataka maandishi ya hivi, manene, yamekolea." Akatoa kadi ya harusi ya shoga yake. Plaiwudi, maua pembeni, sifuri zimejaa kahawia. "Huyu fundi yupo?"

Nikatazama barabarani.

Dogo akaichukua ile kadi, akaigeuza, akaguna kitaalamu. "Hii ni staili, mama. Inaitwa defokasi. Inafanywa makusudi." Akashusha meza milimita chache chini ya geji, akabonyeza, herufi zikatoka nene, nyeusi, zimevimba vizuri kabisa. Mama akapiga makofi. Dogo akamwongezea bei kwa ajili ya ile staili, mama akalipa bila kuomba punguzo, tena akaacha ya soda.

Mwenyekiti wa kamati kwa staili hiyohiyo alirudishiwa nusu ya hela yake, na nusu hiyo ilikatwa kwenye mshahara wangu. Nikamfuata shem kaunta. Nikamuuliza, kwa kuwa kumbe ile ilikuwa kazi ya kitaalamu, hela yangu inarudi lini? Akasema hela haipo kwake, kila anachonikata huwa anampa dada yake amtunzie. Nimemuuliza dada yake. Amesema imeshakuwa kanga, doti mbili, na kama nataka kuziona nisimame mbali kidogo.